Kwa Nini Runinga Mbili Zilionyesha Viongozi Wawili: Lugha, Vyombo vya Habari na Imani ya Umma Nchini Kenya

Mwezi Agosti 2022, Wakenya walipokuwa wakisubiri kujua nani angemrithi Rais Uhuru Kenyatta, kuna jambo lililowachanganya watu kuliko hotuba zote za kampeni. Ukifungua kituo kimoja cha runinga ulimkuta William Ruto yuko mbele. Ukihamia kingine ulimkuta Raila Odinga anaongoza, na vituo vyote viwili vilisisitiza kwamba takwimu zao zimetoka katika fomu zile zile za Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC. Vijiweni, ndani ya matatu na katika makundi ya WhatsApp, hukumu ilitolewa upesi: lazima mmoja anadanganya, na anayedanganya ni yule anayeonyesha kwamba mgombea wangu yuko nyuma. Kumbe vituo vyote viwili vingeweza kuwa vinasema kweli. Ili kuona jinsi hilo linavyowezekana, na kwa nini liliwatia watu hofu kiasi kile, yafaa kwanza tukubaliane kuhusu maneno machache ambayo husikika kila siku na hufafanuliwa kwa nadra.

Imani ya umma, kwa maana inayotumika hapa, ni ule utayari wa mwananchi kulipokea neno la taasisi ambayo hakuiona ikifanya kazi kwa macho yake, hata neno lenyewe linapomuumiza. Mshindi wa uchaguzi hahitaji imani hiyo, kwa kuwa matokeo yanampendeza. Mizani yake halisi ni aliyeshindwa. Mshikamano wa kijamii, au utangamano kama wanavyopenda kusema Wakenya, hauna maana kwamba watu wote wanapendana au wanakubaliana. Maana yake ni kwamba wanaotofautiana wanaendelea kuuziana, kuoana na kusomesha watoto pamoja, na mzozo ukizuka kuna mahali ambapo pande zote mbili ziko tayari kuupeleka. Kauli za chuki nazo zina maana yake kisheria. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, katika kifungu chake cha 13, inazitaja kuwa maneno au vitendo vya vitisho, matusi au dharau ambavyo vimekusudiwa kuchochea chuki ya kikabila, au ambavyo, kwa kuzingatia mazingira yake, vinaelekea kuichochea. Msomaji ayashike maneno hayo ya mwisho, yanayohusu mazingira, kwa sababu tutayahitaji.

Sasa turudi kwenye runinga. Mwaka 2022 Kenya ilikuwa na vituo vya kupigia kura zaidi ya 46,000, na kila kimoja kilijaza fomu yake ya 34A inayoonyesha kura za urais zilizohesabiwa pale pale. Picha ya fomu hiyo ilitumwa moja kwa moja kwenye tovuti ya tume, ambako mtu yeyote mwenye intaneti aliweza kuifungua, na kufikia siku iliyofuata upigaji kura zaidi ya asilimia 90 ya fomu zilikuwa zimekwisha kupandishwa. Tume haikutoa jumla ya papo kwa papo. Iliweka fomu hadharani na kuachia kila mtu ajumlishe mwenyewe. Vyombo vya habari vikakalisha vijana mbele ya kompyuta wafungue picha moja baada ya nyingine na kuingiza tarakimu kwa mkono. Hapo ndipo tofauti ilipozaliwa. Chumba cha habari kilichoanza na fomu za Bonde la Ufa na Mlima Kenya kilimpata Ruto akiwa mbele sana. Kilichoanza na Nyanza, Magharibi na Pwani kilimpata Raila. Hakuna aliyekuwa amechakachua chochote. Jumla isiyokamilika haitoi picha ndogo ya nchi nzima; hutoa picha kamili ya maeneo yaliyokwisha kuingizwa, na katika nchi ambayo ngome za kisiasa zinafuata ramani, mpangilio wa kuingiza fomu unatosha kubadilisha jina la anayeongoza mara kadhaa kwa siku.

Kosa la vyombo vya habari, kwa maoni yangu, halikuwa la hesabu hata kidogo. Lilikuwa la maelezo. Kwenye skrini kuliandikwa majina, asilimia na rangi za vyama kwa herufi kubwa, lakini taarifa ambayo ingemtuliza mtazamaji, yaani fomu zilizoingizwa zimetoka kaunti zipi na ngapi bado, mara nyingi ilikuwa ndogo au haikuwepo. Kisha baadhi ya vituo vikapunguza kasi ya kujumlisha au kuacha kabisa bila kueleza sababu kwa lugha iliyo wazi, na ukimya huo ukafasiriwa na kila upande kwa namna yake.

Hapa inafaa kukumbuka jinsi chama cha akina mama mtaani kinavyofanya kazi. Mweka hazina haaminiwi kwa sababu ana sauti ya upole au kwa sababu anatoka ukoo mzuri. Anaaminiwa kwa sababu daftari linapita mkono kwa mkono na kila mwanachama anaona mstari wenye jina lake. Siku atakaposema kwamba daftari limebaki nyumbani na wamchukulie tu kwa neno lake, mchango wa mwezi unaofuata utapungua, hata kama hakuna shilingi moja iliyopotea.

Mwaka 2007 Kenya haikuwa na daftari la namna hiyo. Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 Desemba, na kwa siku tatu matokeo yalitangazwa kidogo kidogo kutoka jumba la mikutano la KICC jijini Nairobi. Waangalizi wa Umoja wa Ulaya waliokuwa Molo walisikia msimamizi akimtangazia Rais Mwai Kibaki, aliyekuwa akigombea tena, kura 50,145. Nairobi, eneobunge hilo hilo lilipotajwa, tarakimu ilikuwa 75,261. Mwananchi wa kawaida hakuwa na njia ya kujua ni ipi ya kweli, kwa kuwa fomu za vituo hazikuwa mahali ambapo angeweza kuziona. Jioni ya tarehe 30, baada ya vurugu ukumbini, waandishi waliondolewa na mwenyekiti wa tume, Samuel Kivuitu, akasoma matokeo mbele ya kamera za shirika la utangazaji la taifa peke yake. Kibaki aliapishwa Ikulu jioni hiyo hiyo, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Siku chache baadaye Kivuitu aliwaambia waandishi kwamba hakujua kama Kibaki alikuwa ameshinda. Tume iliyoongozwa na jaji mstaafu wa Afrika Kusini, Johann Kriegler, ilihitimisha mwaka 2008 kwamba rekodi zilikuwa zimeharibika kiasi kwamba haikuwezekana kubaini mshindi wa kweli. Kufikia hapo zaidi ya watu 1,100 walikuwa wameuawa na mamia ya maelfu wamefukuzwa makwao.

Katika kueleza maafa hayo, kidole kilinyooshewa upesi redio za lugha za mama. Madai hayo hayakutoka hewani. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilipokea ushahidi wa wananchi waliosema kwamba baadhi ya vituo vilipeperusha maneno ya uchochezi, na wafuatiliaji wa matangazo walinasa semi kama wito wa "kukata nyasi" na lalamiko kwamba nguchiro amekuja kuiba kuku wetu. Mengi ya hayo yalitokea katika vipindi vya wasikilizaji kupiga simu, ambavyo baadhi ya watangazaji wake walipendwa kwa ucheshi na ufundi wa lugha, lakini hawakuwa wamesomea uandishi wa habari wala kufunzwa namna ya kumkatiza mpigaji aliyevuka mpaka. Mtangazaji mmoja wa redio ya Kikalenjin, Joshua arap Sang, alishtakiwa pamoja na Ruto katika Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu. Mwezi Aprili 2016, majaji kwa wingi wao walisitisha kesi hiyo kwa kuona kwamba ushahidi haukutosha. Kwa hiyo mwenye kusema kwamba mahakama ilithibitisha kuwa redio ndiyo iliyowasha moto amekosea, na mwenye kusema kwamba redio zilisafishwa kabisa amekosea pia, kwani kesi ilikoma bila hukumu ya kuachiliwa huru.

Kutokana na tukio hilo imezaliwa dhana ambayo husikika hadi leo, hasa kwa watu wenye nia njema: kwamba lugha za makabila hugawanya, Kiswahili huunganisha, na tungezungumza Kiswahili peke yake redioni tungekuwa salama. Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tungependa sana iwe hivyo. Lakini tazama Rwanda. Redio RTLM, iliyoanza kurusha matangazo Julai 1993 na ambayo waanzilishi wake wawili walitiwa hatiani mwaka 2003 na mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha kuhusiana na mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, ilizungumza Kinyarwanda, lugha ambayo Wahutu na Watutsi wote wameizaliwa nayo. Lugha moja haikumzuia mtu yeyote kumuua jirani yake. Ilichofanya ni kuhakikisha kwamba anayewindwa anasikia kila neno la wanaomwinda. Na hata pale, redio haikufanya kazi peke yake: kulikuwa na wanamgambo waliofunzwa, viongozi wa mitaa waliotoa amri na vizuizi vya barabarani vilivyokagua vitambulisho vyenye kabila la mtu.

Tanzania nayo hutajwa kama ushahidi wa upande wa pili, na ni kweli kwamba Kiswahili kimefanya kazi kubwa huko. Ila hakikufanya kazi peke yake. Wanafunzi wa sekondari walipelekwa shule za bweni mbali na mikoa yao, watumishi wa serikali wakahamishwa huku na huko, na sheria ya vyama vya siasa ya 1992 ikakataza chama kujengwa juu ya kabila au dini. Lugha ilikuwa kamba. Vitu vya kufungwa nayo vilitafutwa kwa makusudi.

Kwa upande wa Kenya, kuna ushahidi ulio karibu zaidi. Neno lililotisha watu kuliko yote katika siasa za Bonde la Ufa, madoadoa, lililotumika kuwataja watu wa makabila mengine wanaoishi huko, ni la Kiswahili fasaha. Hakuna mtu wa kuogopa madoadoa ya chui. Lakini seneta mmoja alipowaambia watu katika mkutano wa hadhara mjini Eldoret, Januari 2022, waondoe madoadoa, alikamatwa. Alijieleza kwamba alikuwa akiwahimiza wapiga kura wachague wagombea wa chama kimoja kutoka juu hadi chini. Huenda ndivyo alivyokusudia. Hata hivyo alilitamka neno hilo karibu na Kiambaa, ambako tarehe 1 Januari 2008 watu waliokuwa wamekimbilia kanisani walichomewa humo, wengi wao wanawake na watoto, na wasikilizaji wake hawakuwa na haja ya kamusi. Ndiyo maana sheria inataja mazingira. Uzito wa neno la chuki hukaa katika kumbukumbu ya mahali linaposemwa, na afisa anayelisoma baadaye ofisini, kwenye karatasi, hukuta neno lisilo na hatia.

Miezi mitatu baadaye, Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ilichapisha orodha ya maneno iliyoyaona kuwa ya chuki, yakiwemo madoadoa, kwekwe na hata hatupangwingwi, kauli ya mtaani iliyokuwa ikitumiwa kwenye kampeni kwa maana kwamba hatupangiwi na mtu. Nia ilikuwa njema, lakini orodha kama hiyo haina meno. Inawafundisha wachochezi maneno ya kuepuka, nao wanatunga mengine kabla wino haujakauka, na inapochanganya neno lenye historia ya damu na msemo wa vijana wa kukataa kupangiwa mambo, inawapa watu sababu ya kuidharau yote. Maneno hubadili nguo. Kinachobaki pale pale ni umbo la hoja: kwamba kundi fulani si majirani bali ni uchafu, magugu au wadudu, kwamba limechukua kilicho chetu, na kwamba muda wa kulisubiri umekwisha. Msikilizaji anayelijua umbo hilo atalitambua kwa lugha yoyote.

Dhana nyingine inayohitaji kutazamwa ni ile ya kwamba ukimya huleta amani. Marufuku ya Desemba 2007 ilidhaniwa kuwa itatuliza nchi. Matokeo yake ni kwamba watu waliacha redio wakageukia ujumbe mfupi wa simu, ambao hauna mhariri wala jina la mwandishi, na uliotoka kwa mtu wa nyumbani ukaaminiwa kuliko taarifa ya habari. Serikali ilipofikiria kuzima ujumbe huo pia, kampuni ya Safaricom ilishauri kwamba ingekuwa heri kuwatumia wateja wake ujumbe wa kuwasihi watulie, na ikafanya hivyo. Tarehe 3 Januari 2008 magazeti makubwa yalitoka na kichwa kimoja cha habari kinachosihi nchi tuipendayo iokolewe. Kilikuwa kitendo cha ujasiri na kiligusa mioyo. Hata hivyo wasomaji walikuwa wakiuliza habari za kura, na gazeti lililoulizwa tarakimu likajibu kwa dua.

Kivuli cha mwaka huo kilifuata vyombo vya habari hadi uchaguzi wa Machi 2013. Mitambo ya kutuma matokeo iliposhindwa kufanya kazi, watangazaji wengi walijizuia kuuliza maswali magumu kwa hofu ya kuwasha moto, na jioni nyingi zilijaa nyimbo za amani na miito ya subira. Nchi haikuwaka, hilo ni kweli na si dogo. Lakini waliokuwa na mashaka walibaki nayo, na wakajifunza kwamba majibu hayako redioni. Tarehe 30 Januari 2018, serikali ilipozima vituo kadhaa vya runinga visionyeshe Raila akijiapisha katika bustani ya Uhuru, watu wakaifuatilia hafla hiyo mtandaoni. Kuzima chombo cha habari huondoa mahali pa pamoja pa kusikia na kubishana, kisha kila kundi huenda kujisikiliza lenyewe.

Uamuzi wa kuweka fomu 34A hadharani mwaka 2022 ulitokana na miaka hiyo ya kuumia, na hasa na uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Septemba 2017, uliofuta uchaguzi wa urais wa mwaka huo kwa sababu ya dosari katika namna matokeo yalivyotumwa na kujumlishwa. Haukumaliza ubishi. Tarehe 15 Agosti, mwenyekiti wa IEBC, Wafula Chebukati, alipomtangaza Ruto kuwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila, makamishna wanne kati ya saba walijitenga na matokeo. Kesho yake wakatoa hoja iliyosikika nzito sana: asilimia za wagombea wote wanne zikijumlishwa zinafika 100.01, na ile ziada ya asilimia 0.01, walisema, ni sawa na kura kama 142,000, kiasi cha kugeuza matokeo.

Kilichofuata kinafaa kutazamwa kwa ukaribu. Kura halali zilikuwa takribani milioni 14.2. Asilimia moja ya hizo ni 142,000, asilimia 0.01 ni kura kama 1,420 tu. Na hata hizo 1,420 hazikuwepo, kwa sababu ziada ilitokana na kukadiria. Jumlisha 50.49, 48.85, 0.44 na 0.23 utapata 100.01, kwa kuwa kila asilimia ilikatwa ibaki na tarakimu mbili baada ya nukta na baadhi zikasogezwa juu. Mwenye duka huliona jambo hilo kila anapogawa mia moja kwa tatu. Kosa hilo lilitambuliwa ndani ya saa chache, tena na watu wa kawaida wenye simu mikononi, kwa sababu tarakimu zote zilikuwa wazi mbele yao. Mwaka 2007, dai la namna hiyo lingeweza kutembea kwa wiki nzima bila kupata wa kulipinga. Mahakama ya Juu nayo ilipoagiza fomu za tovuti zilinganishwe na zile zilizowasilishwa mahakamani, haikupata tofauti iliyodaiwa, na tarehe 5 Septemba majaji wote saba wakayathibitisha matokeo. Raila alisema hakubaliani na uamuzi huo lakini anauheshimu. Hivyo ndivyo imani ya umma inavyoonekana inapofanya kazi: aliyeshindwa ana uchungu wake, na bado kuna mahali ambapo neno la mwisho limesemwa.

Hata hivyo wengi wa waliofungua tovuti ile walikuwa watu wa mijini wenye simu nzuri, vifurushi vya intaneti na uzoefu wa kusoma jedwali. Mama aliye Tharaka au mvuvi wa Suba aliyaelewa matokeo kupitia redio, na kwa lugha yake ya nyumbani, kupitia mtangazaji yule yule ambaye asubuhi humwambia bei ya mahindi na jioni humtangazia mazishi. Redio hizo, ambazo Kameme FM ilizifungulia njia mwaka 2000, hulaumiwa kila uchaguzi unapokaribia kana kwamba ni petroli iliyowekwa karibu na jiko. Mimi naziona kuwa mahali pekee ambapo hesabu ya 0.01 ingeweza kuelezwa kwa Kikamba, Kidholuo au Kimeru na mtu anayeaminiwa, jioni hiyo hiyo dai lilipotoka. Hilo linahitaji maandalizi ya mapema: mtangazaji aliyefunzwa kumkatiza mpigaji simu bila kumtusi, anayejua kuisoma fomu 34A, na mwenye desturi ya kusahihisha kosa katika kipindi kile kile lilikotokea badala ya kulifunika kwa wimbo. Uchaguzi ujao umepangwa kufanyika tarehe 10 Agosti 2027, na vituo vya runinga vikitaka kupunguza mashaka ya usiku huo, vianze kwa kuweka kwenye skrini, kwa herufi kubwa sawa na majina ya wagombea, idadi ya fomu zilizokwisha kuingizwa na kaunti zilikotoka.